Swali la Bibi kwa Rais

Mwezi uliopita niliingia duka moja la jumla hapa Lindi kununua mchele, nikaisikia sauti ya yule Rais wetu wa zamani ikitoka kwenye redio iliyowekwa juu ya kabati la biskuti. Ilikuwa siku ya kumkumbuka. Kila mwaka siku hiyo redio hurudisha hotuba zake, hasa zile za miaka ya shida, aliposimama kutuambia kwamba hali ni mbaya na kwa nini tusikate tamaa. Vijana wawili waliokuwa wakipakia saruji kwenye bajaji walimwiga namna alivyokuwa akiyavuta maneno, wakacheka, wala hawakuwa na ubaya wowote. Wamezaliwa yeye akiwa ameshazikwa. Mimi nilijikuta nimekaa juu ya gunia. Mwenye duka akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ndiyo, ni presha, maana sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba sauti ile, nilipokuwa mtoto, niliisemea maneno ambayo haikuyasema.

Siku hizo tulikuwa tunakaa Kilwa Masoko, upande wa uwanja wa ndege, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyoachwa na watu wa barabara. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu, simkumbuki. Baba yangu, Hamisi, alikuwa dereva wa katapila la kutengeneza barabara, na kwa kuwa kazi yake ilimweka porini wiki nzima, alipanda kwao milimani Rondo kumchukua mama yake aje anilee. Bibi akashuka na kinu, ungo, na kikapu cha mbegu alizokuwa haamini kama zitaota kwenye mchanga. Kiswahili hakuja nacho. Alijua shikamoo, marahaba, maji na chumvi, basi. Mengine yote aliyasema kwa Kimwera, na pale mtaani kwetu walijaa Wamatumbi na watu wa pwani, hakuna aliyemwelewa.

Nimekuja kuelewa ukubwani alivyokuwa mpweke. Kule Rondo Bibi alikuwa mtu wa kusikilizwa. Watu walimfuata kwa mambo ya mashamba, ya uzazi, ya ugomvi wa ndoa. Pale Masoko aligeuka kuwa kikongwe anayetabasamu. Akienda bombani wanawake walimwamkia, naye aliitikia marahaba, hata kwa mzee mwenzake, kisha akasimama na ndoo yake akiwatazama midomo wanavyozungumza. Watoto wenzangu waliniita mtoto wa bibi bubu. Niliwapiga wawili watatu, baada ya hapo sikuwa na wa kucheza naye. Kwa hiyo tulibaki sisi wawili, yeye akinisimulia habari za Rondo na mimi nikimfasiria habari za Masoko. Nilikuwa mdomo wake na masikio yake, na sikuwa nimefika hata miaka tisa.

Katika hadithi zake ipo moja niliyoipenda kuliko zote. Zamani sana, katika vita vya wazee, askari walipokuwa wakichoma vijiji, mama yake Bibi alikimbilia porini na kuingia kwenye shimo la mhanga. Huyo mhanga ni mnyama mwenye masikio marefu kama ya punda na pua kama ya nguruwe, anayechimba mashimo makubwa kutafuta mchwa. Mtu mzima anaweza kuingia humo akajikunja. Mama yake alikaa humo siku tatu, akiwa na mimba, akasikia viatu vya askari vikipita juu ya kichwa chake. Siku ya nne alijitoa, mwili umejaa udongo, akatembea mpaka kwa ndugu zake. Mimba ile ndiyo Bibi mwenyewe. "Mimi nilikaa kwenye shimo la mhanga kabla sijakaa duniani," alikuwa akisema, na alisema hivyo kwa majivuno, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Halafu vikaja vita vyetu. Ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami mtaikumbuka alasiri ile. Baba alikuwa amerudi na redio iliyovishwa koti la ngozi, na kwa kuwa redio zilikuwa chache, ua wetu ulijaa watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga kwetu. Sauti ya Rais ilipotoka, wanaume wakubwa waliinamisha vichwa. Nilikaa chini miguuni pa Bibi nikamnong'oneza kile nilichokiweza: kuna mtu ameingia kwenye nchi yetu kule mpakani, mbali sana, na Rais anasema tutamtoa. Bibi akataka kujua kama huyo Rais ana watoto. Nikamuuliza Baba, Baba akasema anao wengi. Bibi akatikisa kichwa, akasema basi atakuwa mwangalifu na watoto wa wenzake.

Hazikupita wiki nyingi wakaja kuwatafuta watu wanaojua kuendesha mitambo mikubwa. Baba alikwenda asubuhi, kwenye lori lililojaa vijana waliokuwa wakiimba. Kabla ya kupanda alichuchumaa mbele yangu, akanipa redio niishike kwa mikono miwili.

"Kila Rais akizungumza, mfungulie Bibi, umweleze," aliniambia. "Yeye ndiye atakayejua tuko wapi. Akisema tuko salama, jua tuko salama."

Mtu mzima angejua hayo ni maneno ya kumtuliza mtoto. Mimi niliyachukua kama yalivyo. Niliamini kwamba Rais amemwona baba yangu, anajua jina lake, anajua lori alilopanda, na kwamba hotuba zake, pamoja na kuwa zinasikika nchi nzima, zinaletwa hasa kwetu.

Ikaanza miezi ya kungoja. Sukari ilipotea, sabuni ikapotea, tukafulia majani ya mpapai mpaka nguo zikawa na rangi moja zote. Betri za redio, ambazo sisi tuliziita mawe, hazikupatikana kabisa, kwa hiyo niliyaanika mawe yetu juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo. Mpaka leo naikumbuka harufu ya mawe yale yakiwa ya moto, ikichanganyika na ya ngozi ya lile koti la redio. Rais alizungumza mara kwa mara. Alieleza mambo yalivyokuwa magumu, akaomba tuvumilie, akawashukuru wazazi waliotoa vijana wao. Jioni moja alipofika hapo kwenye wazazi, nilimtazama Bibi amekaa peke yake kwenye kigoda, mikono mapajani, nikamfasiria hivi: "Rais anakusalimu. Anakushukuru kwa kumpa Hamisi."

Sikuwa na nia ya kudanganya. Wazazi si ndio Bibi? Lakini niliona jinsi alivyonyoosha mgongo na kurekebisha kanga yake kifuani, na tangu siku ile sikuacha. Kila hotuba ilikuwa na salamu yake. Mara Rais anauliza kama mguu wake unaendelea vizuri, mara anasema amesikia mihogo yake imeota kwenye mchanga. Bibi akawa anaoga na kubadilisha nguo kabla ya hotuba, na Rais akimaliza, yeye humjibu, kwa Kimwera, kwa heshima zote, ndipo aniruhusu kuzima. Wanawake wa jirani wakimwona anazungumza na redio walisikitika. Ila mimi nilijua kwamba kwa nusu saa hiyo Bibi alikuwa amerudi kuwa mtu wa Rondo.

Vita vilipokwisha, Masoko ilitoka nje yote. Ngoma zilipigwa mpaka sokoni. Sisi tulibaki ndani kusikiliza. Mawe yalikuwa yamechoka, sauti ya Rais ilikuja na kupotea, nikaweka sikio kwenye ngozi. Alishukuru, akasema tumeshinda. Kisha sauti ikashuka, akasema kwamba katika vijana wetu wapo waliojitoa mhanga.

Nilishtuka kwa furaha. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno lile kwa mtu mwingine yeyote zaidi ya Bibi, na sasa Rais mwenyewe analijua. Nikamgeukia nikamwambia kuna vijana waliojificha kwenye mashimo ya mhanga, kama mama yake, na sasa wamejitoa. Bibi akapiga makofi. Akasema hakujua kwamba mashimo hayo yako mpaka huko mbali.

Watu wawili walikuja kwetu muda si mrefu baada ya hapo, adhuhuri. Mmoja alikuwa askari, mwingine alitoka ofisi ya wilaya, ameshika bahasha. Walimwamkia Bibi, naye akawaitikia, akawakaribisha mkekani. Yule wa ofisini alianza kumweleza, akaona haeleweki, akanitazama mimi. Nadhani hakutarajia kukuta mkalimani wa kimo kile. Alifungua bahasha, akaifunga, akasema taratibu kwamba nimweleze Bibi kuwa mwanawe Hamisi ni miongoni mwa mashujaa waliojitoa mhanga kwa ajili ya taifa, na serikali inampa pole.

Nikamfasiria Bibi: "Baba alikuwa kwenye shimo la mhanga. Amejitoa. Wanakupa pole kwa shida aliyoipata."

Bibi aliinua mikono juu, machozi yakamtoka, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akijipigapiga kifuani. Wale wanaume waliinamisha vichwa. Yule askari alivua kofia. Kwa macho yao walimwona mama aliyefiwa, na Bibi kwa upande wake aliwaona watu wema, walioguswa na furaha yake. Waliiacha bahasha juu ya mkeka wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni hiyo wakaja wanawake wa jirani, Bi Mwanaidi akiwa mbele, yule aliyekuwa akituuzia samaki wa kukaanga. Walikaa chini wakalia. Bibi akawashangaa. Alikwenda kwa mmoja mmoja akawafuta machozi kwa upindo wa kanga yake, akaniambia niwaulize wamefikwa na nini. Nikamuuliza Bi Mwanaidi. Akanivuta kwapani, akasema, "Tunalia nanyi, mwanangu." Nikamwambia Bibi wanalia kwa furaha. Nilisema hivyo, lakini sikuwa na hakika, maana nilikuwa nimewaona watu wanaolia kwa furaha, na hawakuwa wanalia vile.

Bibi akaanza kujitayarisha kumpokea. Alisema mtu aliyetoka shimoni hawezi kula chakula kigumu mara moja, anahitaji uji wa makopa. Akang'oa mihogo yake, akaimenya, akaianika juu ya bati pale nilipokuwa nikianika mawe ya redio. Kila jioni aliuliza kama Rais amesema lini watafika.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Chilumba, mtu mrefu aliyependa kutufundisha maisha ya Rais. Alitueleza alivyokuwa mtoto wa kijijini kama sisi, mama yake asiyejua kusoma, alivyotembea kwa miguu kwenda shule, na jinsi kila nchi ilipopata janga aliwakabili watu na kuwaambia ukweli hata ukiwa mchungu. Siku moja aliandika ubaoni kwamba Rais wetu amejitoa mhanga kwa ajili ya nchi. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, yeye alikaa kwenye shimo gani?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alitabasamu, akaanza kueleza: yuko mnyama anaitwa mhanga, ndiyo, lakini mhanga pia ni kafara. Anayejitoa mhanga ni mtu anayekubali hata kufa ili wengine wapone. Kwa Rais, akasema, hapa tunalitumia kwa heshima tu, kwa sababu yeye yu hai. Lakini kwa wale vijana wetu wa vitani...

Hapo akakumbuka mimi ni nani. Tabasamu lilimtoka. Aliiweka chaki chini, akawaambia wenzangu wafungue vitabu vya hesabu, na mimi akanituma nikajaze mtungi wa maji, ambao ulikuwa umejaa.

Sikuchota maji. Nilitoka nikatembea mpaka ng'ambo ya uwanja wa ndege, kwenye mikorosho, nikakaa huko mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Sikulia sana. Nilichokuwa nacho kilikuwa kizito kuliko kulia. Baba yangu amekufa, na katika nyumba yetu ni mimi peke yangu ninayejua. Mitaa yote ya Masoko inajua, Bi Mwanaidi anajua, Rais anajua, na mtu aliyemzaa anamwanikia makopa, kwa sababu yangu.

Ninyi mnaosoma haya mtaniuliza kwa nini sikumwambia siku hiyo hiyo. Nimejiuliza pia. Nilirudi nyumbani nimeshajipanga, nikamkuta amekaa mlangoni akiimba, anageuza vipande vya mihogo, na aliponiona aliniambia tangu ashuke Rondo hajawahi kulala vizuri kama siku hizi. Nikaingia ndani. Akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema mchanga. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Watu waliofiwa hukaa pamoja, wakapikiana, wakasimuliana habari za marehemu. Msiba wangu mimi niliubeba peke yangu njia ya shule kwenda na kurudi, na nikiwa nyumbani nacheka. Jioni alipouliza Rais amesema nini, nilimwambia mawe yamekwisha.

Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyeleta habari kwamba Rais anazunguka mikoa kuwashukuru wananchi, na Kilwa atafika. Wazazi wa mashujaa watakaa mbele, chini ya turubai, naye atawapa mkono. Nilimfasiria Bibi vizuri, kila neno, isipokuwa lile la mashujaa. Alifurahi kimyakimya. Alisema ni jambo zuri, kwa sababu salamu alizokuwa akiletewa zilikuwa nyingi na yeye hajapata kumjibu ana kwa ana. Kisha akasema ana swali lake moja, na atamuuliza mwenyewe.

Siku hiyo Bibi alivaa kanga ambayo Baba alimnunulia kabla hajaondoka. Alijaza makopa kwenye kikapu chake, akafunika kwa kitambaa. Ndege ndogo ilitua, vumbi likafika mpaka mezani kwa wakubwa, watoto wa shule wakaimba. Tulikuwa wazazi kama kumi hivi kwenye ile safu ya mbele, mimi nimesimama pembeni mwa kiti cha Bibi. Nilitaka mvua inyeshe. Nilitaka niugue ghafla, nianguke, nibebwe.

Rais hakuwa mkubwa kama nilivyomdhania. Alikuja akishikana mikono na mzazi mmoja mmoja, anainama, anasema maneno machache, anasogea. Alipofika kwa Bibi aliinama zaidi, kwa sababu Bibi alikuwa mfupi na hakunyanyuka. Bibi alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Akazungumza naye kwa sauti ya chini, bila woga, kama anavyozungumza na mtoto wa jirani aliyekua mbele ya macho yake. Alimwambia amepokea salamu zake zote. Alimwambia mama yake mwenyewe alikaa kwenye shimo la mhanga siku tatu na alitoka dhaifu sana, kwa hiyo ameleta makopa, amfikishie Hamisi huko aliko. Kisha akamuuliza: "Amejitoa, lakini mbona hafiki? Yuko kwenye njia gani?"

Rais akanitazama, akaniuliza mama anasema nini.

Wote walikuwa wananitazama: mkuu wa wilaya, wale walinzi, Bi Mwanaidi nyuma ya kamba, Bibi. Nikasema, "Anakushukuru, mzee. Amekuletea makopa."

Alikipokea kikapu kwa mikono yake miwili, hakumpa mlinzi. Nilimwona macho yake yamelowa. Akaniambia nimpe mama pole, nimweleze kwamba mwanawe hatasahauliwa. Halafu akangoja, amemwinamia, ili nimfasirie akiwa hapo hapo.

Bibi alinigeukia. "Amesema nini?"

Nilikuwa na uwezo wa kusema chochote. Ningeweza kumwambia Hamisi yuko njiani, Ijumaa atafika, na Bibi angerudi nyumbani akiimba. Nilikwishafungua mdomo kusema hivyo. Lakini nilimwona amenitazama kama ninavyomtazama mtu anayenishikia kitu changu, nikaona siwezi tena.

"Amesema Baba amekufa," nilimwambia. "Amesema hakuna shimo. Alikufa kule kule vitani, wakamzika huko, na hatarudi."

Bibi aligeuza uso akamtazama Rais. Na Rais, akijua ujumbe wake umefika, aliinamisha kichwa mara moja, taratibu, kumthibitishia.

Hapo ndipo mikono ya Bibi ilipouachia mkono wake. Aliteremka kutoka kwenye kiti mpaka chini vumbini, akalia kile kilio cha Rondo ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia, kirefu, kinachomtaja marehemu kwa jina na kwa jina la baba yake na babu yake. Mama mwingine kwenye safu akamfuata, kisha mwingine. Shughuli yote ilisimama. Rais alibaki amesimama pale na kikapu cha makopa mikononi mpaka mtu mmoja alipokuja kumnong'oneza. Baadaye alihutubia, wanasema ilikuwa hotuba nzuri sana. Mimi sikusikia hata neno moja, na Bibi hakuniomba nimfasirie.

Wanawake wa mtaani walirudi kwetu jioni ile, na safari hii Bibi aliwaruhusu wamlilie. Bi Mwanaidi alikaa nasi siku saba. Hakuelewa Kimwera, Bibi hakuelewa Kiswahili, lakini walikaa mguu kwa mguu wakichambua mchele na kulia kwa zamu. Na mimi nililia nao. Nilikuwa nimeyaweka machozi yale kwa wiki nyingi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ilipotimia arobaini, Bibi alifunga mizigo, akasema tunarudi Rondo, kwa sababu mtu hawezi kuomboleza vizuri mahali ambapo hakuna anayemjua marehemu alivyokuwa mtoto.

Kule Rondo ndiko nilikokulia. Bibi alirudi kuwa mtu wa kusikilizwa, akazeeka sana, na mara nyingi mno nilikuwa karibu kumweleza. Nikiwa msichana nilisema nitamweleza nikiolewa. Nilipoolewa nikasema nitamweleza nikizaa. Kila nilipoanza, alikuwa na jambo lingine la kuzungumza, au mimi nilikuwa nalo.

Yule Rais alipofariki, nilikuwa nimeshahamia hapa Lindi, mtaa wa Rasbura, na watoto wangu. Nilipanda Rondo siku hiyo hiyo, bila kujua hasa kwa nini. Nilimkuta Bibi kitandani, mwepesi kama ungo, redio ya jirani ikitangaza maombolezo. Kiswahili alikuwa ameshakiokota cha kutosha kuelewa kilichotokea, ila kukizungumza alikataa mpaka mwisho. Alikuwa analia. Mtendaji mpya wa kijiji, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwajulisha watu habari za mazishi, akakaa kidogo kupumzisha miguu. Alishangaa. Aliniuliza, kwa adabu, mbona bibi anamlilia hivyo mtu ambaye vita vyake vilimchukulia mtoto wake wa pekee.

Bibi aliusikia mlio wa swali, akanishika mkono, akajibu. Alizungumza polepole, akipumzika katikati. Alipomaliza, yule kijana akanitazama akingoja.

Nikamfasiria: "Anasema wote walimletea maneno mazuri, walimwambia shujaa, walimwambia pole. Yule peke yake ndiye aliyemtazama usoni akamwambia mwanawe amekufa. Anasema alikuwa mtu mkweli."

Kijana alitikisa kichwa, ameguswa, akasema kweli alikuwa hivyo. Bibi alinibana vidole, akitaka kujua kama nimeyasema yote. Nikamwambia ndiyo, Bibi, nimeyasema yote.